KIJIJI KIMYA CHA UINGEREZA: UTULIVU HAUJI WENYEWE

Watu wengi wa huku kwetu wasikiapo neno Uingereza, mawazo yao huenda moja kwa moja London, penye majumba makubwa, mabasi mekundu na umati wa watu waendao mbio kana kwamba nyumba zao zinaungua. Hayo ni kweli, lakini si yote. Wako Waingereza wengi sana wasiokaa mjini wala shambani hasa, bali katika vijiji vilivyo kati ya mambo hayo mawili. Mkazi wa kijiji cha namna hiyo kwa kawaida si mkulima, wala hana ng'ombe. Asubuhi huenda mjini kufanya kazi, na jioni hurudi mahali ambapo hasikii ila ndege, kengele ya kanisa na mbwa wa jirani. Yafaa tujue maisha hayo yalivyo, utulivu huo watoka wapi, na ni nani anayelipa gharama yake.

Kijiji cha Great Missenden

Tuchukue mfano wa Great Missenden, katika jimbo la Buckinghamshire. Kijiji hiki kiko yapata maili 30 kutoka London, upande wa kaskazini-magharibi, katika bonde la mto mdogo uitwao Misbourne, kati ya vilima vya Chiltern. Reli ilifika hapo mwaka 1892, na tangu hapo mtu aliweza kulala kijijini na kufanya kazi London. Ipo barabara kuu moja nyembamba, na kando yake yamo maduka na nyumba za zamani zilizojengwa kwa matofali na mawe ya gumegume.

Mwandishi Roald Dahl, ambaye mwaka 1938 alitumwa Dar es Salaam na kampuni ya mafuta ya Shell, na akajifunza Kiswahili huko, alihamia kijijini hapo mwaka 1954. Vitabu vyake vingi vya watoto aliviandika katika kibanda kidogo bustanini mwake. Alifariki mwaka 1990, akazikwa penye kanisa la kijiji.

Siku inavyokwenda

Mapema asubuhi waendao kazini hukusanyika stesheni. Husimama kimya, pengine kila mtu mahali pale pale aliposimama jana, wala hawaoni kuwa ni utovu wa adabu kutozungumza. Wakisha kuondoka, kijiji hubaki mikononi mwa wazee, mama wenye watoto wachanga, na wale wafanyao kazi nyumbani kwa kompyuta. Tarishi wa posta hupita mlango kwa mlango. Watu hutembeza mbwa. Siku ya kuchukuliwa takataka, mapipa hupangwa mbele ya nyumba, na ole wake atakayetoa pipa lisilo la siku hiyo, kwa maana jirani ataliona hata kama hatasema neno.

Majira hubadilisha maisha sana kuliko huku kwetu kwenye Ikweta. Mwezi wa Juni, saa tatu usiku bado kuna mwanga, na watu wako bustanini wakikata majani na kunyosha ua wa miti kwa makasi. Mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni. Milango hufungwa, mapazia huvutwa, na mtu aweza kupita kijiji kizima asikutane na kiumbe. Kwa mgeni, miezi hiyo ndiyo migumu kuliko yote.

Kimya si chuki

Wako Wakenya waliokwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi na kutunza wazee, na baadhi yao hujikuta katika vijiji vya jinsi hii. Jambo la kwanza liwashangazalo ni kwamba majirani hawaji kuwatazama. Huku kwetu mtu akihamia mahali na asibishiwe hodi kwa wiki nzima, hudhani kwamba amechukiwa. Huko maana yake ni nyingine. Mwingereza wa kijijini hufikiri kwamba kumwacha jirani yake katika faragha ni namna ya kumheshimu. Haingii nyumba ya mtu bila kualikwa, na akialikwa saa kumi hufika saa kumi.

Mazungumzo huanza na hali ya hewa. Asemaye, "Leo kuna baridi," hakupi habari mpya. Anafungua mlango wa maneno, kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani. Ajibuye vizuri leo na kesho, baada ya miezi kadhaa atajua jina la mbwa, halafu jina la mwenye mbwa, na mwisho atakaribishwa chai.

Lakini njia iliyo fupi zaidi wahenga wetu waliijua zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahali pengi halmashauri hukodisha vishamba vya kulima mboga, kufuata sheria ya mwaka 1908. Kishamba kamili ni yapata sehemu moja ya kumi na sita ya eka. Mgeni alimaye hapo hupewa mbegu, mashauri na vitunguu kabla hajajua majina ya watu. Vivyo hivyo ajitoleaye kupanga viti katika jumba la mikutano, au kumpeleka mzee hospitali kwa gari lake.

Utulivu umewekwa na sheria

Atazamaye mashamba na misitu inayokizunguka kijiji hiki hudhani ni kazi ya Mungu peke yake. Sivyo. London ingaliweza kuenea mpaka vilimani, kama ilivyokwisha kumeza vijiji vingine vingi. Mwaka 1947 Bunge lilipitisha sheria ya mipango ya miji na mashamba, na tangu ilipoanza kutumika mwaka 1948, mwenye ardhi hawezi kujenga apendavyo bila idhini. Mtu akiomba kujenga, ombi lake hutangazwa, na kila jirani ana haki ya kuandika barua ya kukubali au kupinga. Mwaka 1955 Serikali iliyahimiza mabaraza mengine nayo yatenge maeneo ya Ukanda wa Kijani kuizunguka miji, mahali ambapo kujenga majumba mapya huzuiwa sana. Siku hizi Ukanda huo ni yapata sehemu moja ya nane ya ardhi yote ya England.

Sheria ya mwaka 1949 nayo iliamuru njia za miguu ziandikwe katika ramani. Kwa hiyo mtu asiye na hata futi moja ya ardhi aweza kupita katikati ya shamba la tajiri, mradi afuate njia na afunge lango. Tena kuna mabaraza ya vijiji yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1894. Wajumbe wake huchaguliwa na wakazi, nao hushughulikia mambo madogo madogo: mabenchi, makaburi, viwanja vya michezo.

Hata ndege wamerudishwa kwa kazi ya watu. Mwewe wekundu walikuwa wameuawa hata wakatoweka England. Kati ya mwaka 1989 na 1994 waliletwa wengine kutoka Hispania, wakaachiliwa katika vilima vya Chiltern, na leo huonekana kila siku wakizunguka juu ya mapaa.

Haki ya kupinga haina maana kwamba mwenye kijiji hushinda daima. Serikali ilipokusudia kupitisha reli mpya ya mwendo wa kasi, HS2, chini ya vilima hivi, wakazi walipinga kwa miaka. Bunge lilisikiliza malalamiko, handaki likarefushwa mpaka karibu na South Heath, lakini sheria ya kujenga reli ilipita mwaka 2017. Walipata sehemu ya walichokitaka, si chote.

Gharama yake

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mahali ambapo nyumba mpya ni chache na watu wazitakao ni wengi, bei hupanda. Kijana aliyezaliwa kijijini huona kwamba hawezi kununua nyumba hapo, naye huhamia mbali. Mwalimu, muuguzi na mwenye kuuza dukani huja kazini kutoka mji mwingine. Vijana wakipungua, shule hupungukiwa watoto. Abiria wakipungua, basi huondolewa. Na mzee asiyeweza tena kuendesha gari hubaki nyumbani akitazama dirishani. Upweke umekuwa jambo zito nchini humo hata mwaka 2018 Serikali iliteua waziri wa kushughulikia habari hiyo. Kwa sababu hizo Waingereza wenyewe wangali wakibishana: wengine husema Ukanda wa Kijani ulindwe kama mboni ya jicho, wengine husema sheria iliyowekwa kulinda mashamba imekuwa ukuta wa kuwazuia maskini.

Sisi nasi tunalo la kujifunza. Miji yetu inakua, na pembezoni mwake mashamba yanageuka viwanja kila mwaka. Tukitaka kubakiwa na miti, mito safi na mahali pa kupumzika, yatupasa kuamua mapema, kwa sheria ijulikanayo na watu wote. Lakini tukiamua, tuulize pia watoto wetu watakaa wapi, na nani atakayembishia hodi mzee aliyebaki peke yake. Kijiji kilichojibu swali la kwanza tu kitakuwa kizuri kutazama, lakini kitapungukiwa na watu wa kukaa ndani yake.