MOF zilizoleta Nobel: Kwa nini ukubwa wa chembe zake ni muhimu, na unadhibitiwaje?

Oktoba 2025, Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa wanasayansi watatu: Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson anayefanya kazi Australia na Omar Yaghi wa Marekani. Kilichowapa ushindi ni MOF, yaani vitu vinavyojengwa kwa kuunganisha metali na molekuli za kaboni, vikabaki na vitundu vidogo mno ndani yake.

Vitundu hivyo ndiyo siri yenyewe. Gramu chache tu za MOF-5, moja ya aina maarufu, zina eneo la ndani linalolingana na uwanja wa mpira. Humo unaweza kuhifadhi gesi, maji, hata dawa.

Lakini kuna swali ambalo halisikiki sana: chembe yenyewe iwe na ukubwa gani?

Kwa nini ukubwa ni ishu?

Chukua mfano wa dawa. Watafiti wanajaribu kuzitumia chembe hizi kubeba dawa ndani ya damu. Chembe ikiwa chini ya nanomita 6 hivi, figo huichuja ikatoka na mkojo. Ikizidi nanomita 200 hivi, wengu na ini huidaka haraka. Kumbuka unywele mmoja una unene wa karibu nanomita 80,000. Yaani nafasi ya kucheza nayo ni finyu sana.

Kwenye vichujio vya gesi mambo hugeuka. Huko unga laini kupita kiasi huziba njia ya hewa. Kwa hiyo ndogo si bora siku zote.

Ukubwa unaamuliwa lini?

Mapema, mara tu viambato vinapochanganywa. Kwanza huzaliwa "mbegu", vijichembe vya mwanzo kabisa. Kisha mbegu hizo hukua kwa kutumia malighafi iliyobaki kwenye mchanganyiko.

Fikiria sinia moja la pilau. Wageni wakiwa wengi, kila mmoja anaambulia matonge mawili matatu. Wakiwa wachache, kila mtu anashiba. Ndivyo ilivyo hapa: mbegu nyingi huleta chembe ndogo, mbegu chache huleta chembe kubwa.

Je, wageni wakija kwa awamu? Waliowahi wameshiba, waliochelewa wanakuta makombo. Mbegu zikizaliwa kwa nyakati tofauti, unapata chembe za kila saizi.

Wanasayansi hufanyaje?

Kubadili vipimo. ZIF-8 hutengenezwa kwa zinki na molekuli iitwayo methili-imidazoli, hata bila kuchemsha. Ukiizidisha sana molekuli hiyo kuliko zinki, mbegu huzaliwa nyingi na chembe zinaweza kubaki chini ya nanomita 100.

Kuongeza asidi. Kwa UiO-66, inayotumia metali ya zirkoni, huongezwa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo hung'ang'ania zirkoni na kuchelewesha ujenzi. Mara nyingi mbegu hupungua, na chembe hutoka kubwa zaidi zenye umbo safi.

Kufunika uso. Molekuli zenye tabia kama ya sabuni hujibandika juu ya chembe na kuzuia malighafi isiongezeke. Chembe inaacha kukua.

Kuchanganya haraka. Lengo ni mbegu zote zizaliwe kwa pamoja, wageni wote wakae sinia kwa wakati mmoja.

Kazi bado ipo wapi?

Kwenye chupa ndogo ya maabara, haya yote yanawezekana. Kwenye pipa kubwa la kiwandani, joto na mchanganyiko havifiki kila kona sawasawa, na chembe zinaanza kupishana saizi.

Kwa dawa, hilo si jambo dogo. Mgonjwa anayepewa dozi ya leo anahitaji chembe zilezile alizopewa mwezi uliopita. La sivyo, dawa iliyopaswa kufika kwenye uvimbe inaweza kuishia kwenye ini.