Mchezo wa Mikakati kwenye Kompyuta: Watu Kwanza, Vita Baadaye

Vijana wa wadi ya Zombe/Mwitika wanaopenda michezo ya mikakati wanaweza kuanza na 0 A.D., kazi ya Wildfire Games. Ni wa bure, na ukishapakuliwa huchezwa dhidi ya kompyuta bila intaneti, nafuu kwa anayenunua bando. Miongoni mwa mataifa ya kale yaliyomo ni Kushi, katika Sudan ya leo.

Hauna zamu kama drafti. Wapinzani hujenga na kupigana wakati mmoja, na mgeni hushindwa kwa kukodolea macho askari huku kituo cha mji kikikaa bure. Kituo hicho kiendelee kutoa watu: wanawake wachume matunda na kulima, askari wakate miti. Nyumba ijengwe mapema. Nafasi ikiisha, hakuna mtu mpya anayetoka.

Ghala liwe kando ya miti. Anayefuata maji mbali anajua mwendo unavyokula siku, na hapa ni vivyo hivyo. Shamba moja hubeba wakulima 5 tu.

Akiba kubwa ya mbao na chakula haimsaidii anayeanza. Itumike mara moja. Mpanda farasi wa kwanza awinde nyama, kisha achungulie kwa mpinzani. Akiona jeshi linakusanyika, askari waitwe nyumbani, na kengele ya mji ipigwe ili wafanyakazi wakimbilie ndani.