Aliyening'inia Kwenye Saa kwa Vidole Vinane

Mpenzi msomaji, utazame mkono wako wa kuume. Kunja kidole gumba, kisha ukunje na kidole cha shahada. Sasa jaribu kushika jembe, au kufunga kifungo cha shati, au kupanda mwembe. Hapo utaanza kumfahamu mtu ambaye tunataka kukusimulia habari zake.

Jina lake Harold Lloyd, mchekeshaji wa sinema wa Marekani. Katika miaka ya 1920 watu walimtaja pamoja na Charlie Chaplin na Buster Keaton. Siku hizo sinema zilikuwa bubu. Watazamaji waliona vinywa vikifunguka, lakini sauti hawakuisikia. Maneno machache yaliandikwa kwenye picha. Yaliyobaki mchekeshaji aliyasema kwa uso, kwa miguu na kwa mikono. Kwa mikono, msomaji. Usilisahau neno hilo.

UTOTO WAKE

Harold alizaliwa tarehe 20 Aprili 1893 huko Burchard, mji mdogo wa jimbo la Nebraska. Baba yake alijaribu kazi nyingi na kila moja ilimponyoka, hata jamaa wakawa watu wa kuhamahama. Mwishowe wazazi wakaachana. Kijana akaenda na baba yake California, mahali ambapo kazi ya kutengeneza sinema ilikuwa inaanza kushamiri.

Mwenyewe alisimulia jinsi alivyoingia. Bawabu wa kiwanda cha sinema alikuwa akimfukuza kila siku. Basi siku moja Harold akajipaka rangi usoni kama waigizaji, akajichanganya nao walipokuwa wakirudi kutoka chakula cha mchana, akapita mlangoni bila kuulizwa. Huko ndani akapata rafiki, Hal Roach, naye akiwa kibarua kama yeye. Baadaye Roach alianzisha kampuni yake mwenyewe, akamwita Harold kuigiza.

Mwanzoni alivaa nguo za kubana na masharubu ya bandia, akimfuatisha Chaplin kwa njia ya kinyume. Watu walicheka, lakini mwenyewe hakuridhika. Mwaka 1917 akaviacha hivyo vyote, akavaa miwani ya mviringo isiyo na vioo, pamoja na suti ya kawaida. Akawa kijana kama kijana yeyote unayemjua: mwenye haya kidogo, mwenye tamaa ya kufanikiwa, asiyejua kukata tamaa. Hapo ndipo watu walipompenda hasa.

MLIPUKO

Tarehe 24 Agosti 1919, Harold alikuwa kwa mpiga picha mjini Los Angeles. Alipewa kombora la mchezo, la mviringo, lenye utambi, ili apigwe picha akijifanya kuwasha sigara kwa moto wa utambi huo. Kumbe halikuwa la mchezo! Lilipasuka mkononi mwake. Likamng'oa kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kuume, likamwunguza uso na macho. Kwa muda hakuona kitu. Alikuwa na miaka 26 tu, na jina lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kung'aa. Wazee wetu husema: hujafa hujaumbika.

Polepole macho yakapona. Vidole havikurudi. Harold akatengenezewa glavu ya ngozi yenye vidole viwili vya bandia, akarudi kumaliza filamu aliyoiacha katikati. Tangu hapo kila alipoigiza alivaa glavu hiyo, na watazamaji wengi hawakutambua. Nawe fikiri kwa nini aliivaa. Mchekeshaji akianza kuhurumiwa, kicheko kinakufa.

JUU YA SAA

Sasa sikia lililotokea mwaka 1923, katika filamu iitwayo Safety Last!. Kijana mmoja ameondoka kwao kwenda mjini kutafuta fedha ili aoe. Anapata kazi ya kuuza vitambaa dukani, mshahara haba, lakini barua anazomwandikia mchumba wake zimejaa majivuno. Mchumba anapokuja kumtazama, anajikuta ananaswa na uongo wake. Anasikia kwamba bwana mkubwa wa duka atatoa dola 1,000 kwa atakayevuta watu wengi dukani, anapanga rafiki yake apande ukuta wa jengo la ghorofa 12. Lakini rafiki anafukuzwa na polisi, na kijana analazimika kupanda mwenyewe. Njiwa wanamvamia, panya anaingia ndani ya suruali, tena ananing'inia kwenye mshale wa saa kubwa, chini yake motokaa zikipita kama siafu.

Usidhani alipanda jengo lote kweli. Kwa picha za mbali walipanda watu wengine. Kwa picha za karibu, ukuta wa bandia ulijengwa juu ya paa za majengo, na magodoro yakatandikwa chini yake. Lakini Harold alisimulia kwamba walipodondosha sanamu ili kuyajaribu magodoro hayo, sanamu ilidunda ikaangukia barabarani. Hata hivyo alipanda, akaushika mshale wa saa kwa vidole vinane.

SIKU ZA MWISHO

Mwaka huohuo 1923 alimwoa Mildred Davis, aliyeigiza mchumba wake katika filamu hiyo. Wakalea watoto watatu, mmoja wao wa kupanga, wakakaa pamoja mpaka Mildred alipofariki mwaka 1969. Sinema za sauti zilipokuja, jina lake lilififia polepole, na filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1947. Hakukaa bure. Mwaka 1949 alichaguliwa kuwa mkuu wa chama kilichoendesha hospitali za watoto viwete. Mwaka 1953 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar, akisifiwa kuwa mchekeshaji bingwa na raia mwema. Alifariki tarehe 8 Machi 1971.

Ndugu msomaji, labda kijijini kwako yuko kijana aliyekatwa vidole na panga au mashine, na watu wameanza kumwambia akae tu nyumbani, atalishwa. Usiseme hivyo. Mtazame vizuri vile vidole vilivyobaki, kisha umuulize angependa kushika nini.