Je, Wajua? RAM Ikizidi Hukaa Bure

Je, wajua kwamba Windows ya biti 32 kwenye kompyuta ya nyumbani haitumii zaidi ya GB 4 za RAM, hata ukiichomekea GB 16? Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 tu. Kinachozidi hapo hakitumiki. Kwa mkazi wa Palma au Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, jambo hili ni zito: kipande kisichofaa chaweza kumgharimu safari nyingine ya Pemba, au ya ng'ambo ya Ruvuma hadi Mtwara.

Basi pima kwanza. Fungua programu zako za kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame kumbukumbu (yaani RAM) iliyotumika. Kumbukumbu ikikaribia kujaa, ongeza. Nusu yake ikiwa wazi na mashine bado inakokota, mara nyingi mkosaji ni diski ya kuzunguka. Hapo mimi ningenunua SSD, diski isiyozunguka, bila kusita. Ukinunua RAM, kagua na aina yake: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Tena kuna kompyuta zisizoongezeka kabisa. MacBook Air, tangu ile ya kwanza ya 2008, RAM yake imechomelewa kwenye bodi.