MELI HUELEA KWA HESABU, SI KWA BAHATI



Msumari wa chuma ukiangushwa katika ndoo ya maji huzama mara moja. Lakini meli iliyotengenezwa kwa chuma hicho hicho, yenye uzito wa tani mia kadhaa, huelea ziwani na kubeba watu, magari na magunia. Tumezoea kuliona jambo hili hata hatuliulizi tena. Leo tunataka kuliuliza, kwa sababu wengi wetu husafiri kwa maji. Wenzetu wa mashamba ya michikichi katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala, hawawezi kufika bara kuwaona jamaa zao bila kupanda kivuko au mtumbwi. Asiyejua kwa nini chombo huelea hawezi kujua ni lini kitazama.

Uzito peke yake hautoshi

Watu husema kitu kizito huzama na kitu chepesi huelea. Sivyo hasa. Gogo la mti lenye kilo 200 huelea, na punje ya mchanga isiyofika hata gramu moja huzama. Jambo la kuangalia ni uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayochukua. Jambo hilo wataalamu huliita densiti.

Tuchukue jerikani ya lita 20, na uzito wa jerikani yenyewe tuuache. Ukiijaza maji, hayo maji ni kilo 20. Ukiijaza mafuta ya mawese, ni kama kilo 18. Ukiijaza molasi ya kiwanda cha sukari, ni karibu kilo 28. Na kama tungeweza kuijaza chuma kitupu, kingezidi kilo 150. Nafasi ni ile ile ya lita 20, lakini uzito ni mbalimbali. Kilicho chini ya kilo 20 kitaelea juu ya maji. Kilichozidi kilo 20 kitazama.

Wenzetu wa viwanda vya mafuta ya mawese wanaliona jambo hili kila siku kazini. Matunda yakishakamuliwa, mchanganyiko wa mafuta, maji na tope huingizwa katika tangi ukiwa moto, ukaachwa utulie. Mafuta hupanda juu yakaenguliwa. Maji na tope hubaki chini. Hakuna mashine inayoyanyanyua mafuta hayo. Ni densiti tu inayofanya kazi. Vile vile katika kiwanda cha sukari, kipimo cha kioo hutumbukizwa katika maji ya miwa: sukari ikiwa nyingi, kipimo huelea juu zaidi; ikiwa kidogo, kipimo hushuka. Basi elimu hii si ya wasomi peke yao. Tunaishika kwa mikono yetu, ila hatujaambiwa jina lake.

Maji nayo husukuma

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, katika mji wa Syracuse kisiwani Sicily, mtaalamu aliyeitwa Archimedes alieleza kanuni ambayo haijabadilika hadi leo. Kitu kikiingia majini hulazimisha maji yasogee ili kipate nafasi. Maji nayo hukisukuma kitu hicho kwenda juu, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa yale maji yaliyosogezwa.

Mwenye shaka achukue ndoo tupu, aisimamishe ndani ya pipa la maji, kisha aikandamize chini kwa mikono, mdomo wa ndoo ukiwa bado juu ya maji. Ataona jinsi maji yanavyoirudisha juu. Kadiri anavyoizamisha, ndivyo maji yanavyozidi kushindana naye.

Msumari ni chuma kitupu. Husogeza maji kidogo sana, na maji hayo ni mepesi kuliko msumari, kwa hiyo hayawezi kuubeba. Meli si chuma kitupu. Ni sanduku kubwa la chuma ambalo ndani yake kuna hewa nyingi. Ukichukua uzito wa meli nzima pamoja na watu na shehena, ukaugawa kwa nafasi yote ya sanduku hilo, densiti yake huwa chini ya ile ya maji. Hiyo ndiyo siri yote.

Hesabu ya mtu wa ishirini na saba

Tufanye hesabu. Tuseme tuna tangi la bati nene, lililo wazi juu, lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1. Tangi lenyewe lina uzito wa kilo 400. Likiwekwa ziwani likiwa tupu, litazama sentimita 20 tu, na sentimita 80 zitabaki juu ya maji. Kila kilo 200 tunazoongeza zitalishusha sentimita 10 nyingine.

Sasa wapande watu, kila mmoja kilo 60. Wakipanda 20, uzito wote utakuwa kilo 1,600, na ukingo utabaki sentimita 20 juu ya maji. Wakipanda 26, uzito utakuwa kilo 1,960. Ukingo utabaki sentimita 2. Bado linaelea, na mwenye tangi atasema: "Mnaona? Hakuna shida." Lakini tangi hilo haliwezi kusogeza maji zaidi ya kilo 2,000. Akipanda mtu wa 27, uzito unakuwa kilo 2,020. Hapo maji yanaingia, na hazami yeye peke yake. Wanazama wote.

Na ziwa halitulii kama maji ya ndoo. Wimbi la kimo cha kiganja linatosha kujaza tangi lenye watu 26. Tena, chombo hakingoji mpaka kijae ndipo kiangamize watu. Mizigo mizito ikirundikwa juu, au watu wote wakikimbilia upande mmoja, kitapinduka kabla hesabu ya uzito haijatimia. Kwa hiyo ule ukingo unaobaki juu ya maji, ambao mwenye chombo huuona kama nafasi ya bure isiyomletea fedha, ndio uhai wa abiria.

Mstari uliopiganiwa

Karne iliyopita na ile ya kabla yake, mabaharia waliijua hesabu hii kwa kufa. Katika Uingereza ya miaka ya 1860 na 1870, matajiri wenye meli walikuwa wakizijaza kupita kiasi, na nyingine zilikuwa kuukuu na mbovu. Meli ilikuwa na bima. Ikifika salama, tajiri alipata faida. Ikizama, alilipwa bima. Baharia alikuwa hana bima. Watu waliziita meli hizo majeneza. Na baharia aliyekwisha kutia saini mkataba, kisha akaiona meli akakataa kusafiri nayo, aliweza kufungwa jela.

Samuel Plimsoll, mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyechaguliwa kuingia Bungeni mwaka 1868 kwa kiti cha mji wa Derby, aliichukua kesi ya mabaharia. Mwaka 1873 alitoa kitabu kueleza maovu hayo. Mwezi wa Julai 1875, serikali ilipoahirisha mswada wa usalama wa meli, alisimama Bungeni kwa hasira akawaita baadhi ya wenye meli waovu. Wananchi wakamuunga mkono, na mwaka 1876 sheria ikapitishwa kwamba kila meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia.

Lakini matajiri hawakushindwa upesi. Sheria hiyo ilimwachia mwenye meli mwenyewe kuamua mahali pa kuchora alama! Ilichukua miaka 14 mingine, mpaka sheria ya mwaka 1890, ndipo mahali pa mstari pakawekwa kwa sheria na si kwa hiari ya tajiri. Wakati huo mabaharia walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha wafanyakazi, tangu 1887, na Plimsoll alikuwa rais wake wa heshima. Mwaka 1930 mataifa yalikubaliana mkataba juu ya mstari huo, na mwingine ukafuata mwaka 1966.

Alama hiyo ni duara lililokatwa katikati kwa mstari wa kulala. Kando yake kuna mistari mingine yenye herufi, kwa maana maji hayafanani. Maji ya bahari yana chumvi: lita 1,000 zina uzito wa kilo 1,025 hivi, na maji ya ziwa ni kilo 1,000. Maji ya chumvi hubeba zaidi, kwa hiyo meli ile ile yenye shehena ile ile huzama zaidi kidogo ikitoka baharini na kuingia mtoni au ziwani.

Maziwa yetu

Je, mambo haya yamekwisha? Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikielekea Mwanza. Iliruhusiwa abiria 430. Mamia ya watu walikufa, na hesabu kamili ilikuwa shida kupatikana, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Ikiwa imegeuka chini juu, meli hiyo iliendelea kuelea kwa saa kadhaa kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Waokoaji walisikia watu wakigonga. Tundu lilipokatwa ili watolewe, hewa ilitoka, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikazama. Huo ndio uchungu wa kanuni ya Archimedes.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa watu 101. Waliokufa peke yao, kwa hesabu ya serikali, walikuwa 228, zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda. Tarehe 3 Oktoba 2024 ikawa zamu ya Ziwa Kivu: chombo kilichojaa watu kilipinduka karibu na Goma, ng'ambo ile ile waliyokuwa wakiiona.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kupanda, tuangalie ubavu wa chombo. Kama mstari upo, uwe juu ya maji. Kama haupo, tupime kwa macho ukingo uliobaki. Tuulize idadi inayoruhusiwa, na tuhesabu.

Pili, mizigo mizito ikae chini na katikati, na watu wasikimbilie upande mmoja chombo kinapokaribia gati.

Tatu, tudai jaketi la kuokolea maisha, na tulivae. Densiti ya mwili wa mtu inakaribiana sana na ya maji. Jaketi huongeza nafasi bila kuongeza uzito, na tofauti hiyo ndogo hukiweka kichwa juu.

Nne, mahali ambapo mwajiri ndiye anayewasafirisha wafanyakazi, tawi la chama liweke katika mkataba idadi ya watu kwa kila chombo na jaketi kwa kila mtu. Tena iandikwe wazi kwamba asiyepanda chombo kilichojazwa hatakatwa mshahara wala kufukuzwa. Si jambo la kuomba kwa hisani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu alindwe asiadhibiwe.

Mwajiri anaweza kubishana nasi juu ya mshahara, na nahodha anaweza kubishana nasi juu ya nauli. Maji hayabishani na mtu. Yanapima tu. Basi na sisi tupime kabla yao, na tukikataa kupanda, tukatae wote pamoja.

Umoja ni nguvu.