Kamera ya Joto na Usalama wa Umeme Wodini
Kiungio cha waya kilicholegea huongeza ukinzani, na umeme unapopita hapo huzalisha joto. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalozalishwa huwa mara nne. Kamera ya joto hupokea mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na kukibainisha kiungio hicho kabla hakijaungua.

Ukaguzi hufanywa umeme ukiwa unatumika. Kwa hiyo inkubeta na mashine za oksijeni hazizimwi. Fundi hufungua paneli na kulinganisha nyaya zenye mzigo sawa. Ulio na joto kuliko wenzake hutiliwa shaka. Metali ing'aayo huweza kumpotosha, kwani huakisi joto la vitu vilivyo jirani.

Joto hilo, mfano wa homa, ni dalili tu. Chanzo chake sharti kitafutwe na kurekebishwa. Jenereta haiwezi kuiokoa wodi ikiwa paneli inayoilisha ndiyo iliyoungua.

Mgonjwa au ndugu yake akiona soketi iliyobadilika rangi, au akisikia harufu ya plastiki inayoungua, asiiguse. Amwite muuguzi mara moja. Naye muuguzi ahakikishe kwanza usalama wa mgonjwa anayetegemea mashine, kisha amwarifu fundi.