Mkono Unaofungua Moyo

Mafindofindo ya mtoto wa Mpitimbi yasipotibiwa yaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ikaharibu vali za moyo. Akikua binti na kushika mimba, damu huongezeka. Vali iliyobana hushindwa kuipitisha.

Daktari bingwa aweza kupitisha mrija mwembamba mshipani hadi moyoni, akaipanua vali bila kupasua kifua. Ujuzi huo hufundishwa mkono kwa mkono, kwa miaka. Kwa daktari mwanamke, miaka hiyo ndiyo ya kuzaa na kulea.

Kwetu kitovu cha tiba hiyo ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Daktari wa Ruvuma akijifungua, atunziwe nafasi yake ya mafunzo. Akiikosa, hasara ni ya binti wa Mpitimbi.